Kionjo cha Mtaa Usiokuwapo

Kwa takriban miaka kumi, tangu mwishoni mwa muongo wa 2000, vijana wa kidato cha sita nchini Uingereza waliosoma masomo ya vyombo vya habari chini ya baraza la mitihani la OCR waliweza kuchagua kazi moja ya vitendo yenye mvuto wake: kutengeneza kionjo cha tamthilia mpya ya televisheni, ile ya mfululizo usiokwisha ambayo Waingereza huiita opera ya sabuni. Pamoja na kionjo walitakiwa kutengeneza vitu vingine viwili, kwa mfano bango na jalada la gazeti la ratiba za vipindi. Kazi ikishakamilika, walijibu maswali manne ya tathmini. La kwanza ndilo lililowatoa jasho: kazi yako imetumia, imeendeleza au imepinga kwa njia gani mitindo na kaida za kazi halisi za vyombo vya habari?

Swali hilo huonekana jepesi hadi mtu akae kulijibu. Majibu mengi yalishika njia moja. Tumetumia kaida kwa sababu tuna familia, tuna baa, tuna ugomvi, tumekatia patamu. Tumepinga kaida kwa sababu mhusika wetu mkuu ni kijana, au kwa sababu muziki wetu ni wa kisasa. Si majibu ya uongo. Yanaruka tu jambo moja ambalo bila hilo neno "kupinga" halina uzito: kila kaida ya opera ya sabuni ilianza kwa mtu fulani aliyekuwa na shida fulani. Mara nyingi shida yenyewe ilikuwa uhaba, wa pesa, wa muda, wa nafasi au wa waigizaji. Na huo ndio uhaba wa mwanafunzi mwenye kamera ya kuazima shuleni na jiko la mama yake likiwa ndiyo studio.

Habari yenyewe inaanzia Chicago.

Tarehe 20 Oktoba 1930, kituo cha redio cha WGN kilianza kurusha Painted Dreams, mchezo mfupi wa kila siku ulioandikwa na Irna Phillips, mwanamke wa miaka 29 aliyewahi kuwa mwalimu. Kwa kuwa pesa za kulipa waigizaji wengi hazikuwapo, Phillips aliandika na kuigiza pia: sauti ya mama wa familia, Mother Moynihan, ilikuwa yake. Baadaye aligombana na kituo kuhusu nani mmiliki wa mchezo huo, akaenda mahakamani na kushindwa. Hakukata tamaa. Alianzisha michezo mingine, ukiwamo Guiding Light wa mwaka 1937, ambao ulihamia televisheni mwaka 1952 na kudumu hadi Septemba 2009. Miaka 72 ya hadithi moja.

Sabuni iliingiaje? Kampuni ya Procter & Gamble ilikuwa na unga wa kufulia uitwao Oxydol, na wanunuzi wake walikuwa wanawake walioshinda nyumbani mchana. Mwaka 1933 ikadhamini mchezo wa Ma Perkins, habari za mjane mwenye biashara ya mbao katika mji mdogo. Mdhamini alijua msikilizaji wake hakai kitini. Anafua, anapiga pasi, anatoka uani kuanika nguo, anarudi. Kwa hiyo habari ilibidi iende polepole na kurudiwarudiwa, ili aliyekosa dakika mbili asipotee. Majina ya wahusika yalitajwa kila mara kwa sababu hakukuwa na sura za kuonekana. Kinanda kilipigwa kuashiria kwamba sasa tumehama nyumba. Na mwisho wa siku swali liliachwa wazi, ili kesho redio iwashwe tena na tangazo la sabuni lisikike tena. Wahakiki waliokejeli mwendo wa kobe wa michezo hii hawakuangalia mikono ya msikilizaji. Ulikuwa ufundi uliopimwa kwa urefu wa kamba ya nguo.

Aliyeigiza Ma Perkins aliitwa Virginia Payne. Alianza kuwa mjane mzee akiwa na miaka 23, akaendelea kuwa mjane huyo kwa miaka 27, hadi sehemu ya mwisho iliporushwa Ijumaa ya tarehe 25 Novemba 1960. Msichana wa miaka 23 kuigiza bibi: mwanafunzi yeyote aliyewahi kumpaka rafiki yake poda nyeupe nywelani ana babu zake wa sanaa hapo.

Majuma mawili kamili baada ya Ma Perkins kuaga, Ijumaa ya tarehe 9 Desemba 1960, kampuni ya Granada ya mjini Manchester ilirusha sehemu ya kwanza ya Coronation Street. Mtunzi wake, Tony Warren, alikuwa na miaka 24. Jina la awali lilikuwa Florizel Street, na husimuliwa kwamba liliachwa baada ya mama mmoja aliyekuwa akigawa chai pale ofisini, Agnes, kusema kuwa linasikika kama dawa ya kusafishia choo. Ziliagizwa sehemu 13 tu za kuanzia. Ken Irwin, mhakiki wa gazeti la Daily Mirror, alitabiri kwamba haitafika mbali.

Aliyekaa mbele ya televisheni jioni ile aliona nini? Hakuona mauaji wala moto. Aliona duka la kona likikabidhiwa kwa mmiliki mpya, Florrie Lindley. Akamwona Ena Sharples akiingia dukani na kumhoji mgeni huyo kama hakimu, akitaka kujua hata anasali wapi, huku akiagiza keki zake. Nyumba nyingine, Elsie Tanner anagombana na mwanawe Dennis, aliyetoka gerezani karibuni, kwa shilingi mbili zilizopungua kwenye pochi. Na kwa akina Barlow, Ken, kijana anayesoma chuo kikuu, amekaa mezani akimtazama baba yake anavyomwagia chakula sosi ya chupa, na uso wake unasema wazi kwamba anaona haya. Baadaye rafiki yake wa kike wa chuoni anafika bila kutarajiwa, naye anakuta baba na mdogo mtu wakitengeneza baiskeli katikati ya sebule.

Kwenye sosi ile na baiskeli ile ndipo tamthilia nzima ilipokaa. Uingereza ya wakati huo ilikuwa imeanza kuwapeleka watoto wa wafanyakazi vyuoni, na watoto hao walirudi nyumbani wakiona meza za wazazi wao kwa macho mengine. Warren hakuhitaji hotuba kulieleza hilo. Kabla yake, BBC ilikuwa na The Grove Family, kati ya 1954 na 1957, familia ya mjenzi wa pembezoni mwa London yenye maisha ya wastani. Warren alileta lafudhi ya kaskazini, wanawake wenye ndimi kali, na watu waliohesabu shilingi. Mtaa wa nyumba zilizoshikana, baa ya kona, mwanamke asiyeyumbishwa: haya ambayo mwanafunzi wa mwaka 2012 aliyaandika chini ya kichwa "kaida tulizotumia" yalikuwa uasi siku ile yalipoonekana mara ya kwanza.

Na baa je? Rovers Return, baa ya Coronation Street, haikuwekwa pale kwa sababu Waingereza wanapenda bia. Mtunzi wa mfululizo ana tatizo la kila siku: jinsi ya kuwakutanisha watu wasiopendana bila kutafuta sababu mpya kila mara. Nyumbani kwa mtu huingii bila kualikwa. Baa huingia yeyote, na seti moja ya studio inabeba mapenzi, matanga, madeni na ngumi. Ni uchumi wa hadithi na wa mbao za seti kwa pamoja. Mwaka 1972 Emmerdale Farm ikaja na shamba la Yorkshire, na hata huko, baa ya kijiji ikawa lazima.

Redioni, BBC ilikuwa imeshika njia yake. Haikuuza sabuni, kwa hiyo ilitafuta sababu nyingine ya kuendesha mfululizo. Mwaka 1941, vitani, ilianza Front Line Family ili wasikilizaji wa Amerika Kaskazini waone familia ya Uingereza inavyovumilia mabomu. Tarehe 1 Januari 1951 ikaanza kurusha The Archers nchi nzima, mchezo wa wakulima uliokusudiwa kupenyeza mafunzo ya kilimo kipindi ambacho chakula kilikuwa bado cha mgao. Hadithi kama mbeba elimu: wazo hilo lilisafiri mbali. Huko Peru, mwaka 1969, tamthilia ya Simplemente María ilimwonyesha mtumishi wa ndani anayeinuka kwa cherehani, na mauzo ya vyerehani yakapanda. Miguel Sabido wa Mexico aliitazama kwa makini, akatunga mbinu yake na kuitumia kuanzia mwaka 1975 katika tamthilia ya kuhimiza elimu ya watu wazima. Mbinu hiyo ndiyo iliyofika Radio Tanzania mwaka 1993 kwa jina la Twende na Wakati.

Watanzania wengi waliokuwa watu wazima wakati ule wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka kuvumilia. Mkwaju hakuwekwa ili asikilizwe kwa burudani tu. Njia yake ilielekea kwenye UKIMWI, na kila msikilizaji aliyekuwa na kaka, mume au jirani wa namna yake alielewa. Kwa ajili ya utafiti, eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha. Matokeo yalionyesha kuwa matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mahali uliposikika. Ni nadra kwa tamthilia yoyote duniani kupimwa hivyo. London nako, mwaka 1991, tamthilia ya EastEnders ilikuwa imemfanya kijana wa familia mojawapo kuu, Mark Fowler, aishi na VVU, naye aliendelea kuwa mtu wa kawaida wa mtaa, mwenye kazi na mapenzi, kwa miaka mingi. Katika nchi zote mbili sebule zilizungumza yale ambayo mabango ya hospitali hayakuweza kuwafanya watu wayazungumze.

EastEnders yenyewe inastahili kutazamwa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyowapa wanafunzi wengi kiolezo. Ilianza tarehe 19 Februari 1985 kwa mikono ya Julia Smith na Tony Holland. Picha ya kwanza baada ya muziki ni mguu unaovunja mlango. Ndani, mzee Reg Cox amekaa kwenye kiti chake, hali mahututi, chumba kimevunda, na majirani watatu wanaume wamesimama wakimtazama. Linganisha na duka la kona la 1960. Miaka 25 imepita na mtunzi haamini tena kwamba mtazamaji atasubiri. Anamshika kola kabla hajakaa. Mwisho wa kila sehemu zikawekwa ngoma za ghafla ambazo kila Mwingereza anazitambua, na kukatia patamu kukapata sauti yake rasmi. Siku ya Krismasi ya 1986, Den Watts alipomkabidhi mkewe Angie hati za talaka, watazamaji waliohesabiwa walizidi milioni 30, katika nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni 60.

Kati ya Coronation Street na EastEnders kuna Brookside, na kwa mwanafunzi mwenye kamera hii ndiyo yenye somo kubwa kuliko zote. Phil Redmond, ambaye mwaka 1978 alikuwa amewapa watoto wa shule tamthilia yao, Grange Hill, hakujenga seti. Alinunua nyumba halisi katika mtaa mpya wa Liverpool, akaingiza kamera vyumbani, na tarehe 2 Novemba 1982, usiku Channel 4 ilipozaliwa, tamthilia ikaanza. Vyumba vilikuwa vidogo, na kuta hazikusogea ili kamera ipite kama zinavyosogezwa studio. Shida hizo zikageuka kuwa sura yake. Mtazamaji aliona jikoni kama yake. Wahusika walipoteza kazi, waligoma, walidaiwa. Mwaka 1993 mama na binti yake walimuua mume aliyewatesa, wakamzika chini ya sakafu ya uani, na mtaa ukaishi juu ya siri hiyo hadi maiti ilipofukuliwa mwaka 1995. Brookside ilikufa mwaka 2003, lakini kila kikundi cha wanafunzi kilichobana kamera kati ya friji na mlango kilikuwa kinarudia, bila kujua, uamuzi wa Redmond.

Si kila upinzani ulifaulu, na hapa ipo hadithi ambayo ingefaa kusomwa kabla ya mtu kuandika sentensi ya kwanza ya tathmini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 BBC iliwarudia Smith na Holland, mafundi wa EastEnders, na kuwataka watengeneze tamthilia mpya. Ikazaliwa Eldorado: Waingereza na Wazungu wengine wanaoishi kwenye jua la kusini mwa Hispania. Mji mzima wa tamthilia ulijengwa karibu na Coín, mkoani Málaga. Matangazo yalikuwa mengi, na sehemu ya kwanza ikarushwa tarehe 6 Julai 1992. Kaida zilizovunjwa zilikuwa chungu nzima. Mvua na matofali viliondolewa. Wahusika walizungumza lugha zao za Ulaya bila maandishi ya tafsiri. Baadhi ya waigizaji hawakuwa na uzoefu. Ndani ya nyumba zile sauti ilirudi kwa mwangwi, mazungumzo yakapotea.

Watazamaji walikimbia. Mkuu wa BBC1, Alan Yentob, aliifuta, na tarehe 9 Julai 1993 ikaonyeshwa kwa mara ya mwisho. Mwaka mmoja na siku tatu.

Kosa halikuwa ujasiri. Warren alikuwa jasiri, Redmond alikuwa jasiri. Tofauti ni kwamba wao walivunja kaida moja au mbili huku wakishikilia kwa nguvu ile iliyobeba nyumba, yaani jirani unayemjua kiasi cha kumchukia. Wakazi wa Eldorado walikuwa wageni wa nchi, wageni wa wenzao, na wageni wa mtazamaji, wote kwa pamoja, kuanzia jioni ya kwanza. Na matangazo makubwa yalizidisha balaa, kwa sababu yaliahidi jua na mahaba kwa watu ambao, walipofika, walikuta hawamfahamu yeyote wa kumlilia.

Hapo ndipo kionjo kinapoingia. Kionjo ni ndugu wa tamthilia, lakini ndugu wa mama mwingine. Tamthilia huenda polepole. Kionjo kina dakika moja, pengine moja na nusu. Tamthilia huificha kamera, mwigizaji haruhusiwi hata kuitupia jicho. Kwenye kionjo mwigizaji huitazama lenzi moja kwa moja, kama anavyomtazama mnunuzi kwenye jalada la gazeti. Tamthilia hutaka mwanga wa kawaida na nguo za kawaida. Kionjo, hasa vile vya tamthilia ya vijana ya Hollyoaks, hupenda kuwakusanya wahusika mahali pasipokuwapo kabisa kwenye hadithi, wakiwa wamevaa kama wa harusini, wakitembea kwa mwendo wa pole huku kitu kinawaka moto nyuma yao. Yaani kionjo cha opera ya sabuni kina kaida zake, na nyingi ni kinyume cha zile za opera yenyewe.

Wanafunzi wengi walinaswa hapa. Aliyeandika kwamba amepinga uhalisia wa tamthilia kwa kutumia mwendo wa pole na mfano wa kioo kinachovunjika hakupinga kitu. Ametii kionjo barabara. Aliyeonyesha mazungumzo marefu ya jikoni bila muziki, kwa kuamini amefuata kaida, ndiye aliyevunja, maana vionjo havina subira hiyo. Swali la mtihani lilisema "kazi halisi" kwa wingi, na wingi huo ulikuwa na maana: palikuwa na mabwana wawili wa kutumikiwa.

Lilikuwapo tatizo la pili, zito zaidi. Mtihani ulitaka kionjo cha tamthilia mpya, lakini vionjo vya kujifunzia vilikuwa karibu vyote vya tamthilia kongwe. Mwezi Septemba 2010 baa ya EastEnders, Queen Vic, iliteketea katika sehemu zilizomuaga Peggy Mitchell, aliyeigizwa na Barbara Windsor. Kwa watazamaji waliokuwa wakiingia baa ile kwa miaka 25, dirisha lenye ndimi za moto lilitosha; hapakuhitajika neno. Baa ya mwanafunzi haikuwahi kuingiwa na mtu. Ukiichoma sekunde ya 40, ni jengo tu linaloungua.

Kwa hiyo aliyeiga uhariri wa EastEnders, picha baada ya picha, alikuta kionjo chake kina kelele zote za asili na hakina uchungu wake. Dawa yake ilikuwa kurudi kwa Tony Warren, kwenye vitu vidogo. Picha ya harusi iliyokatwa upande mmoja. Sahani tatu mezani na viti vinne. Mkono wa mama unaoficha barua ya benki chini ya kitambaa kabla mtoto hajaingia. Katika sekunde tatu za namna hiyo mtazamaji anaijua familia, na ugomvi ukija ana upande wa kushika. Vionjo vya wanafunzi vilivyogusa moyo vilikuwa na kitu kama hicho ndani yake, hata kama sauti ilikwaruza na rangi za picha hazikulingana.

Uhaba wa waigizaji nao ulileta mkanganyiko wake. Opera ya sabuni husimama juu ya vizazi vitatu: bibi anayejua siri, wazazi wanaozifanya, watoto wanaozifichua. Mwanafunzi ana marafiki 12 wote wa miaka 17. Akimpata mwalimu mmoja wa kuigiza baba na shangazi wa kuigiza mwenye duka, amebahatika. Ndiyo maana vionjo vingi vilikuwa vya shuleni au vya vijana watupu, kisha kwenye tathmini uhaba huo ukavalishwa joho la "tumepinga kaida". Lakini Hollyoaks ilikwisha kuweka vijana mbele tangu Oktoba 1995, huko Chester, tena kwa mkono wa Phil Redmond yuleyule. Ingekuwa heshima zaidi kuandika ukweli: hatukuwa na wazee, na hivi ndivyo tulivyofanya kutokuwapo kwao kuwe sehemu ya hadithi.

Jalada la gazeti lilikuwa kazi rahisi kidogo, na lina historia yake fupi. Hadi tarehe 1 Machi 1991, Radio Times ilichapisha ratiba za BBC peke yake na TV Times ratiba za ITV. Uzio huo ulipovunjwa magazeti yalifurika, na ili kuuza yaligeukia nyuso za opera za sabuni. Inside Soap ilianza mwaka 1992. Rangi nyekundu na njano, uso wa mwigizaji ukimkazia msomaji macho, siri ikitobolewa nusu: wanafunzi walivishika vyote hivyo vizuri kuliko walivyoshika kionjo, kwa sababu ni uso mmoja, si mtaa.

Upinzani wa kweli ungetafutwa wapi, basi? Mmoja ulikuwa karibu sana na wanafunzi wenyewe. Madarasa ya Bradford, Leicester au mashariki ya London yalijaa vijana ambao familia zao hazikanyagi baa. Kwao, mahali ambapo maadui hukutana bila kualikana ni kaunta ya duka, foleni ya chipsi, kinyozi, ukumbi wa harusi. BBC Asian Network ilikuwa imeonyesha njia redioni kwa Silver Street, mfululizo wa kati ya 2004 na 2010 kuhusu jamii yenye asili ya Asia Kusini katika mji wa Uingereza. Mwanafunzi aliyeondoa baa na kuweka kaunta ya duka la mjomba wake hakuhitaji kusema mengi kwenye tathmini. Alikuwa ameelewa baa ilikuwa ya kazi gani, akaikabidhi kazi hiyo mahali pengine. Huko ndiko kuipinga kaida kwa kuijua, na ndiko alikofanya Warren alipoitoa kamera kwenye nyumba za wenye nafasi na kuipeleka kwa Ena Sharples.

Mwaka 2017 mitaala ya somo la vyombo vya habari ilianza kubadilishwa, na agizo la kionjo cha opera ya sabuni likapita pamoja na mtaala wa zamani. Waliotengeneza vionjo vile sasa wengi wao wamevuka au wanakaribia miaka 30. Vionjo vyao bado vimetapakaa kwenye YouTube, kila kimoja kikimalizika kwa nembo ya stesheni, siku na saa ya kuanza kurushwa, kwa tamthilia ambayo haikuwahi kuandikiwa hata sehemu ya kwanza.